Umeniuliza kwa nini alirudi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika na picha zake, na ile ya kaburi la Michael Levin, askari wa Israel, pale Mlima Herzl, Yerusalemu, nimeitazama mpaka baba yako akaniuliza kuna nini. Kofia za besiboli zimerundikana juu ya jiwe, bereti nyekundu za askari, vijiwe walivyoacha wageni. Unasema ulipata kusimuliwa kwamba kijana huyo alikuwa nyumbani kwao Marekani, salama, akarudi vitani mwenyewe. Unauliza alirudia nini, na wanaomwekea kofia leo wanamlilia kwa undugu gani.

Michael Levin alizaliwa mwaka 1984, akakulia Pennsylvania, karibu na Philadelphia. Alilelewa katika imani ya Kiyahudi, sinagogi na kambi za vijana za Ramah, na nyumbani kwao walikuwapo babu na bibi walionusurika mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Alihamia Israel hajatimiza miaka 20. Marafiki zake husimulia kwamba siku ya kuandikishwa jeshini alizuiwa mlangoni kwa sababu hakuwa na barua ya wito, akazunguka jengo akapenya dirishani. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini akaingia kikosi cha askari wanaoruka na miavuli.

Huko humwita kijana wa namna hiyo askari mpweke, maana wazazi wake hawako nchini, na jeshi humpa likizo ya kwenda kuwaona. Likizo hiyo ndiyo aliyokuwa nayo tarehe 12 Julai 2006, vita vya Israel na Hezbollah, kundi la wapiganaji wa Lebanon, vilipozuka. Akaikatisha, akarudi kwa wenzake. Tarehe 1 Agosti aliuawa katika kijiji cha Aita al-Shaab, kusini mwa Lebanon. Alikuwa na miaka 22.

Mimi naona hivi: aliyechagua nchi kwa hiari yake hapendi kuonekana mgeni siku ya shida. Wenzake aliolala nao hema moja walikuwa wanavuka mpaka, naye yuko mezani kwa mama yake. Kile chakula kilipitaje kooni?

Ila usiishie kwenye kaburi hilo tu. Vita vile vya siku 34 viliua zaidi ya watu 1,000 Lebanon, wengi wao raia, na watoto wamo. Nimemwombea Levin, nimewaombea na hao, wala sijaona dua moja ikiisukuma nyingine.

Sasa mazishi, maana hapo ndipo nililia. Wazazi walisafiri kwenda kumzika wakihofu kwamba hawatapatikana hata wanaume kumi, idadi ambayo desturi yao inataka ili Kaddish, sala ya wafiwa, isomwe. Wangempata nani, wageni katika nchi ile? Tena siku yenyewe ilikuwa tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda yao, Wayahudi wanapofunga bila chakula wala maji, wakiomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Jua la Agosti unalijua wewe uliyeko huko. Wakaja mamia, na midomo yao mikavu, wengi hawakuwahi kumwona. Wewe umekulia kwetu, ambako mtu hufunga duka akaenda kumzika jirani wa mtaa wa pili. Undugu wao ni huo huo.

Na haukuishia makaburini. Mwaka 2009 kilianzishwa Yerusalemu kituo kwa jina lake, kinachowahudumia askari wapweke, kuanzia chakula cha Sabato hadi mahali pa kukaa na mtu wa kuzungumza naye. Hilo lina uzito kwangu kuliko kofia zote.

Baba yako hakubaliani nami. Anasema mtoto aliyepewa ruhusa ya kuwaona wazazi wake akae nao mpaka iishe, na vita vina wenyewe. Tumebishana tangu juzi. Mwandikie yeye, umwambie wewe unaonaje.

Mama yako