Mfadhili kalipa, msimbo ni wa nani?

Programu yetu ya kuchakata data za mvua ililipiwa na ruzuku ya utafiti. Mwenzangu anasema fedha zikiwa za umma, msimbo nao ni wa umma. Kweli? (Mtafiti, Morogoro)

Si kweli, ingawa natamani ingekuwa hivyo. Huenda kasikia habari za Marekani, ambako kazi ya mtumishi wa serikali kuu haina hakimiliki nchini humo. Lakini huyo ni mtumishi. Chuo kilichopewa ruzuku ni habari nyingine. Mwenye hakimiliki mara nyingi ni mwajiri wako. Soma mkataba wa ajira, kisha wa ruzuku: wapo wafadhili wanaodai msimbo uachiwe wazi, wapo wasiougusia kabisa.

Na hata chuo kikiridhia, chungulia mistari ya msimbo wa watu wengine iliyomo ndani. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kiliuboresha Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa fedha za DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Pamoja na hayo, aliyetaka msimbo wote alitakiwa kwanza awe na leseni ya AT&T, kampuni ya simu iliyokuwa na hakimiliki ya Unix. Berkeley wakaziandika upya karibu sehemu zote za kampuni hiyo, wakatoa toleo lililoitwa Net/2 mwaka 1991. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kesi. Ilipomalizwa mwaka 1994, katika mafaili 18,000 hivi yaliondolewa matatu. Matatu!

Nimekuta msimbo wa chuo fulani mtandaoni, hauna leseni. Si ndiyo bure hiyo? (Mwanafunzi, Mombasa)

Kinyume chake. Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa, bila kusajiliwa popote. Kusoma soma, kusambaza omba. Waandikie tu: "Naomba muweke faili la leseni." Wengi huwa wamesahau.

Tunaweza kuibadili DHIS2, ile ya takwimu za afya, tumuuzie mteja? (Fundi, Dodoma)

Mnaweza. Imejengwa Chuo Kikuu cha Oslo kwa fedha za wafadhili, na leseni yake ni BSD ya vifungu vitatu, ukoo wake ni Berkeley hiyohiyo. Tangazo la hakimiliki na kanusho la dhamana yabaki, na jina la wenyewe msijitangazie nalo bila ruhusa.

Na tukiunganisha ndani yake maktaba ya msimbo yenye leseni ya GPL, ile inayodai msimbo ubaki wazi? (Huyohuyo)

Mkimkabidhi mteja programu, apate na msimbo chanzo wake, kwa masharti ya GPL. Mkiitumia ofisini kwenu tu, hamdaiwi kitu.