Mwiko wa Babu

Juma hili mmeuliza: "Ni nani katika ukoo wenu aliyejua kuchekesha, na alikuachia nini?" Kwangu mimi ni Babu mzaa baba, fundi wa injini za meli na askari wa zamani wa Keya (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), aliyefariki mwaka 2003 nyumbani kwake Kirumba, Mwanza, akiwa na miaka 81.

Mtoto yeyote aliyelalamika tumbo mbele yake alijua kitakachofuata. Babu aliagiza mwiko mkubwa wa kusongea ugali. Upande mmoja aliuweka tumboni kwa mgonjwa, upande wa pili akaubana sikioni, akafumba macho. Uani wote tulinyamaza pamoja naye. Kisha ikatoka hukumu: "Silinda ya pili inagonga. Huyu kala maembe mabichi." Au: "Hewa imeingia kwenye bomba la mafuta, mwacheni akimbie kidogo." Mgonjwa alikuwa wa kwanza kucheka.

Nilidhani ni mchezo aliotubunia sisi. Nilipokuwa na miaka tisa alinishika mkono akanishusha kwenye chumba cha injini cha MV Victoria, ambako mabaharia walimruhusu kuingia ingawa alikwisha kustaafu. Joto, harufu ya dizeli, kelele inayopita masikioni na kutua kifuani. Pale chini fundi kijana alikuwa ameinama na bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho kafumba. Alikuwa anatafuta beringi iliyoanza kuchoka. Nikamtazama Babu. Naye akanitazama kwa furaha ya mtu aliyesubiri siku hiyo miaka mingi.

Aliniita "mke wangu", kama babu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike. Bibi, ambaye alikuwa Mhaya wa Kemondo, aliniita mke mwenza, na kwa cheo hicho akanituma dukani mara mbili zaidi ya wengine. Nyumba yao iliendeshwa kama meli. Melini, nahodha aliye juu hawezi kupaza sauti akasikika kwenye injini. Huvuta mkono wa telegrafu, kengele ikalia chini, na fundi naye akavuta wa kwake kujibu kwamba agizo limefika. Basi Babu alitundika kifuniko cha sufuria dirishani. Bibi akiita "Chakula!" kutoka jikoni, shurti kifuniko kigongwe, la sivyo haihesabiki kuwa tumesikia. Na Bibi akikasirika, Babu alijigongea mwenyewe, akatangaza, "Nyuma, nguvu zote!" kisha akaondoka kinyumenyume, uso ukimwelekea mkewe, mpaka akagota kwenye mpera. Sikumbuki hasira ya Bibi iliyovuka mpera ule.

Wengi walimjua kwa hayo tu. Msibani nilisikia mtu akisema, "Mzee yule alikuwa wa mizaha, hakuwa na neno," na ndilo jambo lililonifanya niwaandikie. Mizaha ya Babu ilikuwa kazi, na aliifanya kwa uangalifu ule ule aliokazia nao nati.

Alizaliwa Magu mwaka 1922. Akaingia Keya wakati wa vita vya Hitler, wakamfundisha umakanika wa magari, wakampeleka Bama, ambayo leo ni Myanmar, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kifaru. Alizungumzia tope la Bonde la Kabaw, ambako magari yalizama hadi milangoni na mvua haikukata. Alizungumzia pia daraja la Kalewa. Desemba 1944 wahandisi wa jeshi walitandaza pale, juu ya mto Chindwin, daraja la kuelea la mita 350 hivi, ambalo wakati ule hapakuwa na jingine la aina yake refu kuliko hilo duniani. Babu alilivuka akiendesha lori la karakana. Alisema lilikuwa likimtikisika chini ya magurudumu kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi.

Aliporudi aliajiriwa kwenye meli za mvuke za ziwani, Rusinga na Usoga, akaanzia kupaka mafuta mashine. Kisha ikaja Victoria. Meli hiyo iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Mombasa kwa bahari na Kisumu kwa reli, ikaunganishwa upya ukingoni mwa ziwa na kuanza safari mwaka 1961. Babu alikuwa katika kundi la mafundi waliopelekwa Kisumu, mikono iliyozoea boila ikijifunza dizeli karibu na umri wa miaka 40. Alipenda kusema kwamba yeye aliijua Victoria kabla haijawa meli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa, Victoria ikabaki Tanzania, na Babu akapotezana na wenzake wa Kisumu aliokula nao sahani moja kwa miaka kumi na sita. Baada ya hapo hakukaa sana kazini.

Kila Desemba tulisafiri naye kwenda kwa akina Bibi. Meli ikiondoka Mwanza usiku, taa za Capri Point zikabaki nyuma, Babu alikusanya watoto wa daraja la tatu, wetu na wa watu wengine. Aliomba majaketi ya kuokolea maisha kwa baharia aliyemfahamu, akayapanga sakafuni. "Mbele, nguvu zote!" Atakayevaa na kufunga kamba zote kwanza, anapata peremende. Tulipinduana. Mama za watu walicheka mpaka mizigo ikaachwa bila mlinzi. Halafu akawaingiza nao: mama fulani ashindane na mwanawe, mzee fulani ashindane na mkwewe. Kabla hatujafika katikati ya ziwa, nusu ya abiria waliokaa upande wetu walijua majaketi yalipo na namna ya kuyafunga.

Ila utani huo ulikuwa na mwiko wake. Ukifunga kamba ovyo ili uwahi peremende, Babu hakucheka. Alikuja, akaivuta, ikafunguka, akasema, "Rudia." Akasimama pale mpaka umerudia. Mwaka mmoja kijana mmoja alifanya mzaha kwamba jaketi linafaa zaidi kuwa mto. Babu aliondoka akaenda kusimama peke yake kwenye reli ya meli, na mchezo ukaishia hapo.

Sababu yake niliijua baadaye sana. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Mamia ya watu. Hapa mjini hakuna mtaa ambao haukulia. Babu hakuwa na la kufanya na umri wake ule, lakini kila siku alishuka ziwani asubuhi na kurudi jioni, na walipozikwa waliozikwa kule Igoma alikuwepo. Nyumbani kifuniko cha sufuria hakikugongwa. Bibi aliita chakula, akangoja, akaja mwenyewe mlangoni kututazama.

Jioni moja ya Juni alinikuta nje nikichambua dagaa. Nilikuwa na miaka 20. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kusema kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. Februari 1944, alisema, walitoka Kilindini kwenda Colombo wakiwa kwenye msafara wa meli tano za askari. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga mojawapo, Khedive Ismail. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, na mamia kati yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa kwenye meli nyingine ya msafara huo.

"Niliiona," akasema. "Nikageuka kumwambia mwenzangu, tazama. Nilipogeuka tena hapakuwa na meli." Akakaa kimya. "Na jaketi langu, mke wangu, nilikuwa nimelilalia siku zote kama mto. Kamba zake sikuwahi kuzifunga hata mara moja."

Hakuongeza kitu. Nami sikuuliza. Tulichambua dagaa wote, akanisaidia kuwaanika.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi msichana wa miaka minne ambaye mama yake hakurudi siku ile ya Mei. Alilelewa na shangazi yake. Alikuwa haongei, anakaa kizingitini akishika kanga ya mama yake. Agosti shangazi alimleta uani kwetu akasema mtoto hali chakula, hospitali wamempima hawakuona ugonjwa, na yeye amechoka kubembeleza. Tulikuwepo watu sita au saba, na hakuna aliyejua la kumjibu.

Babu alimtazama mtoto kwa muda. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Mei, akasema, "Nileteeni mwiko."

Bibi mwenyewe ndiye aliyeuleta, ameushika kwa mikono miwili. Babu alishuka kigodani akapiga magoti kwa taabu, maana goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Akaweka mwiko tumboni kwa mtoto, juu ya kanga, akabana sikio, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisikiliza. Tulisikia kuku na redio ya jirani.

"Mashine hii nzima," akasema. "Silinda zote nzima. Imezimwa tu." Akamgeukia Bibi. "Kepteni, lete uji."

Kisha akamkabidhi mtoto mwiko, akafungua shati lake mwenyewe na kumwonyesha mahali pa kusikiliza. Mtoto aliuweka kifuani kwa Babu, akabana sikio, akafumba macho kama alivyomwona yeye. Tukanyamaza wote.

"Inagonga," akasema.