Usirekodi kwaya kwenye diski ya nje ambayo hujaipima

Usinunue diski uliyoiona. Umesema uko Kitale, laptopu yako ina diski ya sahani zinazozunguka ya gigabaiti 500, unataka kurekodi kwaya ya kanisa kwa maikrofoni nane, na umeona SSD ya nje, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei inayokaribia nauli ya matatu ya kwenda Nairobi na kurudi. Diski ya aina hiyo naijua mpaka tumboni: yangu niliifungua kwa bisibisi.

Ndani ya kasha lake lililong'aa mlikuwa na kadi ya kumbukumbu kama ile ya simu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, iliyochomekwa kwenye kibao cha saketi, na kando yake kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi ili kitu kizima kiwe na uzito wa heshima. Gramu nilizolipia zilikuwemo zote. Zilizokosekana ni gigabaiti.

Namna udanganyifu huu unavyofanya kazi ndiyo inayouma, kwa hiyo isome polepole. Programu ndogo inayoongoza kifaa hicho imechezewa ili iiambie kompyuta kwamba kuna terabaiti 2, ilhali nafasi halisi, kwa yangu, ilikuwa gigabaiti 64. Windows haina sababu ya kubisha. Inaonyesha terabaiti 2, inakubali kuandika, na inaorodhesha majina ya faili pamoja na ukubwa wake. Gigabaiti za kwanza zinakaa vizuri, na ukizifungua zinafunguka. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachofuata hakihifadhiwi popote, au kinaandikwa juu ya kilichotangulia, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Sasa piga hesabu uone kwa nini nilinaswa. Sauti ya maikrofoni moja, kwa ubora wa biti 24 na kHz 48, hula takriban megabaiti 518 kwa saa, kwa hiyo maikrofoni nane hula kama gigabaiti 4 kwa saa. Majaribio yangu ya nyumbani, kinanda kidogo na gitaa kidogo, yasingeweza kamwe kuufikia ukingo huo, na yote yalitoka safi. Kisha, kwa kujiona mtu wa mpangilio, nikahamishia humo mkusanyiko wangu wote wa sauti za piano na ngoma, ambao ulijaza karibu nafasi yote iliyokuwepo. Nilipoipeleka diski hiyo kwenye kazi ya kulipwa, ilikuwa imeshiba, na mimi peke yangu ndiye niliyeamini kwamba ina njaa.

Kazi yenyewe ilikuwa karibu na Kakamega: kwaya pamoja na wapigaji wa isukuti, zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazoandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nami nikaulinda kwa kadi ya simu. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, chakula kilipikwa, nauli za watu zililipwa, na kila tulipomaliza wimbo niliwasikilizisha kipande, kikatoka vizuri, watu wakashangilia. Hapo ndipo penye mtego wa pili. Faili iliyoandikwa punde tu mara nyingi bado imo kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kompyuta huisoma kutoka huko badala ya kuisumbua diski. Nilichowasikilizisha kilikuwa katika kumbukumbu ya laptopu, wala hakijawahi kukaa mahali pengine. Usiku nilipowasha tena nyumbani, majina yote ya faili yalikuwepo, ukubwa wake ulikuwepo, na ndani yake kulikuwa na kimya kitupu, isipokuwa sehemu chache zilizokwaruza kama redio iliyo katikati ya stesheni.

Najua utasema mtu mzima angewezaje kuamini terabaiti 2 kwa bei hiyo, nami nakujibu kwamba jua la Kisumu siku niliyoinunua lilikuwa kali na duka lilikuwa na feni. Nilirudisha pesa za watu. Mzee aliyepiga ngoma kubwa alinisikiliza mpaka mwisho nilipomwomba warudie, akasema kwamba mtu halii mara mbili kwa maiti mmoja. Hawakurudia.

Muuzaji sina haja ya kumsema sana. Alikuwa mwizi wa kawaida, na nilipomrudia alinitazama kama mtu aliyekuja kurudisha yai lililokwisha kukaangwa. Ninayemlalamikia ni prodyusa mmoja aliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma amri za Musa, kwamba rekodi haiwekwi kamwe kwenye diski ya ndani. Sababu yake sikuelezwa. Sababu ilikuwepo zamani: laptopu zilikuwa na diski za mizunguko 5,400 kwa dakika, zenye mkono wa kusomea ambao ulilazimika kukimbia huku na huku kati ya mfumo wa kompyuta na faili za sauti, na maikrofoni zikiwa nyingi sauti ilikatika. SSD ya ndani, nitakayokuelekeza mwishoni, haina mkono wa kukimbiza mahali popote. Isitoshe, maikrofoni zako nane zinahitaji megabaiti 1.2 tu kwa sekunde, na hata USB 2.0, iliyo ya kizamani, hupitisha kama 30. Mtu anayekuuzia diski ya nje kwa hoja ya kasi anakutibu ugonjwa ambao huna.

Ugonjwa ulio nao ni huu: kebo. Diski ya ndani haina kebo ambayo mwimbaji wa sauti ya pili anaweza kuikanyaga akielekea chooni, haina kichomeo kinacholegea, wala haigombanii umeme wa USB na kisanduku kinachounganisha maikrofoni na laptopu, hasa ukivichomeka vyote kwenye kigawanyio kimoja. Stima ikipotea, nayo huku kwetu hupotea kwaya ikiwa katikati ya ubeti, diski ya ndani inaendelea kuishi kwa betri ya laptopu, ilhali zile diski kubwa za nje zenye adapta yake ya ukutani huzimika papo hapo, na faili iliyokuwa ikiandikwa huenda isifunguke tena.

Kwa hiyo rekodi ndani, kisha nakili nje, na usimruhusu mwanamuziki yeyote kuondoka kabla nakala haijasikilizwa. Kusikilizwa nako kuwe kwa kweli: toa diski ya nje kwa utaratibu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili ya mwisho uliyorekodi, uisikilize katikati na mwishoni. Watanung'unika kwamba chai imepoa. Waache wanung'unike.

Diski yoyote ya nje, hata ukipewa na shemeji, ijaze kwanza kwa H2testw, ambayo ni programu ya bure ya Windows inayoandika kila sehemu ya diski kisha kuisoma tena na kulinganisha. Kwenye Mac au Linux tumia F3. Terabaiti 2 kwa mwendo wa megabaiti 30 kwa sekunde ni zaidi ya saa 18 za kuandika peke yake, kwa hiyo anza leo, ukalale, uende kazini. Ya bandia itajionyesha. Fanya hivyo kabla ya kuweka chochote humo, kwa sababu diski ya bandia ikijazwa hivyo inaweza kuharibu kilichokuwemo.

Pesa ulizotenga zitumie kununua SSD ya ndani ya inchi 2.5, yenye kichomeo cha aina ya SATA, gigabaiti 256 au 512, kwenye duka linalotoa risiti na dhamana ya maandishi, baada ya kuhakikisha kwamba iliyomo sasa ina inchi hizo na kichomeo hicho. Fundi atahamisha mfumo wote, ingawa ukiwa na bisibisi na subira utaweza mwenyewe. Ile ya gigabaiti 500 usimwachie fundi. Ipime afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo, na ikiwa nzima inunulie kasha lenye kebo ya USB. Hiyo ndiyo diski yako ya nje, na unajua ilikotoka.