Nguvu za Usiku Kabla ya Idd

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani wa Mombasa, nina umri wa miaka 34, na ninatumia dawa ya lithiamu tangu nilipoambiwa miaka mitatu iliyopita kwamba nina baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi, kisha ukamshusha. Kila Ramadhani, kumi la mwisho likiingia, oda za nguo za Idd hunizidi, nikawa nashona hadi wakati wa daku. Mwaka jana, ilipofika usiku wa nne, sikusikia tena uchovu. Nilichukua majora tisa ya kitambaa kwa mkopo, na Idd ikanikuta wodini. Kisha nikalala kitandani miezi miwili bila hamu hata ya kuoga. Nataka kufunga, na kazi siwezi kuiacha. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata. Nashukuru kwamba umeutaja ule usiku wa nne, kwa kuwa ndipo penye jibu. Mtu aliyekesha kwa kawaida huamka macho yakimuuma na kichwa kizito, akautafuta mto mchana kutwa. Lakini mwenye baipola anayeanza kupanda hulala saa mbili au tatu tu akaamka mwepesi, maneno yakimtoka mbio na mipango ikisongamana kichwani. Hali hiyo hufurahisha, na ndiyo maana huwa vigumu kuitambua kuwa ni ugonjwa. Tena kukesha si dalili peke yake, bali chenyewe huweza kukupandisha, hata kama dawa hukuiruka.

Kwa hiyo, acha kupokea vitambaa mapema, tuseme siku ya kumi na tano ya Ramadhani, na ubandike tarehe hiyo mlangoni. Daftari la oda alishike mtu unayemwamini, awe na ruhusa yako, iliyoandikwa sasa ukiwa mzima, ya kukataa oda na mikopo kwa niaba yako. Pembeni mwa kitanda weka daftari jingine dogo, uandike kila asubuhi umelala kwa muda wa saa ngapi, moyo ukoje na kama dawa umeinywa. Ukiona siku mbili mfululizo umelala chini ya saa tano na huna uchovu, zima cherehani na upige simu kliniki siku hiyo hiyo.

Saumu ina hatari yake ya pekee kwako. Lithiamu ni chumvi, na maji yakipungua mwilini figo huirudisha damuni badala ya kuitoa kwa mkojo. Hebu fikiria unavyotoka jasho alasiri mbele ya pasi, bila tone la maji tangu alfajiri. Kiwango kinachotakiwa damuni kwa kawaida ni kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na sumu haiko mbali juu ya hapo. Mikono ikitetemeka kupita kawaida yako, ukitapika au kuharisha, ukiyumba au ulimi ukiwa mzito, kunywa maji, usimeze dozi inayofuata, na uende hospitali mara moja. Mafundi wengi ninaowaona hununua diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo. Vidonge hivyo hupandisha lithiamu damuni, basi mwambie mwuza dawa akupe parasetamoli.

Usiache dawa ghafla ili upate kufunga, kwani kuikatiza lithiamu mara moja huurudisha ugonjwa kwa haraka. Wapo wagonjwa waliotulia ambao daktari wao huwaruhusu kufunga kwa kupanga upya saa za dawa na kupima damu mara kwa mara. Wewe uliyelazwa Ramadhani iliyopita, ushauri wangu ni kwamba mwaka huu usifunge. Najua inauma kula mchana nyumba nzima ikiwa imefunga, lakini Sura ya Al-Baqara, aya ya 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kulipa katika siku nyingine, na kama hali haitaruhusu kulipa, sheikh wako atakueleza habari ya fidia.

Nenda kliniki Shaabani, kabla mwezi haujaandama. Damu ya kupima lithiamu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo dozi ya asubuhi usiimeze hadi umeshatolewa damu. Ulizia pia kipimo cha figo na cha tezi ya shingo, na ule mkopo wa majora umweleze daktari bila kuficha, kwa sababu madeni ya namna hiyo humsaidia kujua ulipanda kiasi gani.