Muzee wa magamba anajibu

*Muzee, nimeokota gamba hili ufukweni Uvira. Limepauka kama chokaa, ndani limejaa mchanga mgumu. Ni kisukuku? (Mama wa Nguba)*

Mama, vizuri umeliweka kando ya vizibo viwili vya bia ya Primus. Wengi hunitumia picha bila kipimo. Ni karibu sentimita 5, tumbo limevimba, ncha fupi, mdomo mpana upande wa kuume. Huyo ni konokono *Neothauma tanganyicense*, ambaye leo anaishi Ziwa Tanganyika peke yake. Wakifa, magamba yao hurundikana chini ya maji mpaka yanafunika sehemu kubwa za sakafu ya ziwa, na kuna samaki wadogo wanaotagia humo. Mengine yamelala huko mamia ya miaka kabla wimbi halijayatupa nje. Kwa hiyo ni la kale, ila jiwe bado halijawa: si kisukuku.

*Nimelidondoshea ndimu likatoa povu. Si ndiyo dalili ya kisukuku?*

Hapana. Hata konokono aliyekufa jana gamba lake litatoa povu, maana ni chokaa. Acha kabisa, tafadhali: ndimu inakula ukingo wa mdomo, na hapo ndipo tunapomtambulia.

*Ndugu yangu wa Goma anasema ana konokono ndani ya jiwe la volkano ya Nyiragongo.*

Lava ile ina joto la karibu digrii 1,000. Tundu la jiwe hilo ni la gesi. Konokono, kama yumo kweli, aliingia kupumzika baadaye.

*Sasa visukuku vyenyewe vya konokono viko wapi huku kwetu?*

Panda kaskazini, kwenye bonde la Ziwa Edward na Albert. Pale Ishango, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akakuta magamba, mifupa ya samaki na zana za watu wa kale. Na katika matabaka ya zamani zaidi ya bonde hilo yamepatikana magamba ya ukoo wa Neothauma, kule ambako leo hayupo hata mmoja aliye hai. Mama wa Nguba, angalia: gamba kama lako likitoka Uvira ni la kawaida, likitoka kwenye ukingo wa Semliki, nitapanda gari siku hiyohiyo kwenda kwa watafiti wa Lwiro.

*Nilisafishe na nini?*

Maji na mswaki laini. Javeli ya kufulia hapana. Lakini kabla ya maji, kata kikaratasi, andika kwa penseli ufuko gani, tarehe gani, lilikuwa juu ya mchanga au ndani ya udongo, kisha kiweke pamoja na gamba. Mimi nina kopo zima la Nido, limejaa magamba mazuri ya ujana wangu, bila karatasi hata moja. Wajukuu wanalichezea kama kayamba.