Mfumo wa zamani: usijibu siku ya kwanza

Mdogo wangu unayeanza kazi, kuna siku utaingia ofisi fulani ukute mfumo ulioandikwa wewe ukiwa chekechea, na bosi atakuuliza swali moja tu: tuuboreshe au tuutupe? Usijibu siku hiyo.

Mimi nilijibu. Kilikuwa chama cha akiba na mikopo, mfumo wa Visual FoxPro 6 (programu ya Microsoft ya kutunza data na kuandikia mifumo), toleo la mwaka 1998. Nikatazama zile skrini za kijivu, nikasema tutupe, tuandike upya, miezi sita tu. Mama mhasibu, aliyekuwa ameutumia zaidi ya miaka kumi, akanitazama kwa juu ya miwani. "Mwanangu, na riba ya mwanachama aliyelipa baada ya tarehe tano utaihesabu vipi?" Sikuwa na jibu. Kanuni ile haikuandikwa popote ila ndani ya programu, mistari minne isiyo na maelezo hata neno moja. Tukaanza kuzihesabu kanuni za namna hiyo. Tulipofika thelathini tukaacha.

Kwa hiyo umri wa mfumo uuache kwanza, utafute hasa kinachouma. Microsoft ilitangaza mwaka 2007 kwamba FoxPro ya 10 haitakuwepo. Toleo la 9, la mwishoni mwa 2004, ndilo la mwisho, na msaada wake ulikoma Januari 2015. Wengi wakisoma hivyo huona kesi imekwisha. Lakini programu hizo bado zinafunguka kwenye Windows za leo, na keshia hana habari na Microsoft. Anachotaka ni risiti itoke. Hata lile lalamiko letu kubwa, kwamba indeksi (orodha za kutafutia rekodi haraka) zinaharibika kila umeme ukikatika, halikuwa la FoxPro peke yake. Betri ya UPS, kifaa cha kuishikilia seva umeme ukikatika, ilikuwa imekufa zamani, na hakuna aliyeangalia. Nami pia sikuangalia.

Tulianza na hatua ya bei nafuu: kutoka 6 kwenda 9. Karibu kila kitu kiliamka salama, isipokuwa ripoti kadhaa zilizogoma, zikilalamikia GROUP BY, amri ya kupanga rekodi kwa makundi ili zijumlishwe. Kuanzia toleo la 8, FoxPro inakudai uitaje kwenye GROUP BY kila safu unayoionyesha bila kuijumlisha. Ipo njia ya mkato: andika SET ENGINEBEHAVIOR 70, tabia ya zamani inarudi, kelele zinakwisha. Mwenzangu alikuwa ameshaiandika. Nikamwomba tuitoe, tupitie ripoti moja baada ya nyingine.

Ndipo tukaiona ripoti ya mikopo kwa tawi. Miaka yote ilikuwa ikionyesha jina la afisa mikopo mmoja kwa kundi zima, kwa sababu toleo la zamani lilijiokotea rekodi moja kundini na kuchukua jina lililomo. Fedha zilijumlishwa sawasawa. Jina ndilo lilikuwa bahati nasibu. Kuna kijana alikuwa akisemwa kwenye vikao kwa mikopo mibovu ambayo mingi haikuwa yake. Makosa yanayoibuka ukipandisha toleo yasome yote kabla hujayanyamazisha, hata kama ni saa mbili usiku na unataka kwenda nyumbani.

Kilichotuhamisha hatimaye kilikuwa kitu cha kupimika. Faili la jedwali la FoxPro halivuki GB 2, liwe la toleo la 6 au la 9. Letu la miamala lilikuwa na GB 1.6, likinenepa karibu MB 150 kila mwaka. Nikachora mstari kwenye karatasi: chini ya miaka mitatu linagota. Bosi hakuwahi kuelewa habari za GROUP BY, lakini karatasi ile aliielewa papo hapo.

Hata hapo hatukuandika mfumo upya. Tulihamishia data PostgreSQL kwanza, hifadhidata nyingine, tukarekebisha sehemu zinazosoma na kuandika ili zipitie ODBC (daraja kati ya programu na hifadhidata), na sura ya skrini tukaiacha vilevile. Tulihamisha Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi wanachama walikuwa wameongezeka: waliojitoa miaka iliyopita wamerudi, na akiba zao juu. Ukifuta rekodi FoxPro haiiondoi, inaweka tu alama ya nyota kwenye baiti yake ya kwanza, na inabaki ndani ya faili mpaka mtu aamuru PACK, amri ya kuziondoa kabisa. Skripti yangu ilisoma faili bila kujali nyota. Aliyegundua ni yuleyule mama, akiwa na orodha mkononi. Aliweka kidole kwenye jina moja. "Huyu tulimzika."

Skrini nyingi za kijivu ziliendelea miaka mingine minne. Tulizibadilisha moja moja, tukianza na ya makato ya mishahara, ambayo mama mhasibu aliichukia kuliko zote. Ile ya riba ya tarehe tano hatujaigusa mpaka leo.