Uvimbe wa kifuani: usikubali jina lake kabla ya kupimwa kinyama (kipande chake kidogo)

Pole sana dada, na mfikishie mama pole. Umeuliza kama majibu ya CT scan yanayosema ana "uvimbe wa neva" kifuani yanatosha kumpeleka upasuaji bila vipimo zaidi. Hayatoshi.

Daktari wa picha hakukosea. Uvimbe mwingi unaoota nyuma ya kifua, kando ya pingili za mgongo, kweli hutokana na neva. Ila picha huonyesha umbo na mahali, seli haizionyeshi. Ugonjwa wa Castleman (tezi za limfu kuvimba), uvimbe wa nyuzinyuzi, hata jipu la kifua kikuu cha mgongo, huweza kukaa palepale na kufanana nao.

Ninaouhofia zaidi ni uvimbe uitwao paraganglioma. Huo huweza kumwaga homoni za kupandisha presha, na ukichomwa sindano ya kuchukua kinyama bila maandalizi, presha inaweza kupaa ghafla. Mama huumwa kichwa, hutoka jasho, moyo humwenda mbio? Mwambieni daktari mapema. Kuna kipimo cha metanefrini (mabaki ya homoni hizo), cha damu au mkojo.

Mkitoka Kigoma kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, bebeni picha zenyewe kwenye CD, siyo karatasi ya majibu tu. Kinyama kikichukuliwa, ulizeni kama kitapimwa kwa kingamwili, zinazotambua protini za seli: protini ya S100 hujitokeza kwenye shwanoma (uvimbe wa ala ya neva), STAT6 kwenye uvimbe wa nyuzinyuzi. Kipande cha nta chenye kinyama kinachobaki maabara, ombeni kitunzwe.

Na miguu yake ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.